Jinsi ya kupata begi la tenahoni yenye umbo la yai jijini Dar es Salaam

Mwenye tarumbeta ya kawaida au saksafoni hasumbuki sana, kwa kuwa begi lake hutengenezwa kwa wingi na halikosi wa kuliagiza. Taabu humpata mpigaji wa tenahoni ya Kijerumani, ala ya shaba ya kupulizwa, ile yenye umbo la yai na vali za kuzunguka zinazobadili noti, ambayo wengi wetu tumeikuta katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri, vyenye asili yake kwa wamisionari wa Kijerumani. Sanduku lake la mbao mara nyingi limekwisha kuoza au halijulikani lilipo, na ala yenyewe husafiri ikiwa imeviringishwa khanga ndani ya mfuko wa shangazi kaja. Mwongozo huu unamfaa pia mwenye flugelihoni, jamaa ya tarumbeta, ya umbo hilohilo, iitwayo Kuhlohorn kwa jina la Johannes Kuhlo (1856–1941), mchungaji wa Kijerumani aliyeeneza vikundi hivyo makanisani kwao. Kinachobadilika ni vipimo tu.

Hatua ya kwanza: pima ala yako

Ondoa kwanza kipulizio, yaani kile kipande unachowekea midomo, kisha chukua vipimo vinne: urefu kutoka ukingo wa mdomo mpana, pale sauti inapotokea, hadi mpindo wa chini kabisa, upana mahali ala inapotanuka zaidi, kina, yaani unene wa ala ikiwa imelazwa, ukihesabu na vibonyezo vya vali, na kipenyo cha mdomo mpana. Kipimo cha kina ndicho kinachosahaulika, na ndicho huharibu mabegi mengi, kwa sababu mdomo mpana wa ala hizi haukai sambamba na mirija mingine bali umeinamia upande mmoja. Begi linaloonekana linatosha kwa urefu na upana linaweza kukataa kufungika zipu pale juu tu.

Hatua ya pili: tengeneza kiolezo cha boksi

Laza ala juu ya boksi lililokunjuliwa na uchore mzunguko wake kwa penseli iliyosimamishwa wima, kisha ongeza senti mbili na nusu kila upande kwa ajili ya sponji, na ukate. Kata pia duara lenye ukubwa wa mdomo mpana na kipande chenye urefu wa kile kina ulichokipima, uvipachike kwa gundi mahali pake ili kiolezo kiwe na unene wa kweli. Andika upande ambao mdomo umeelekea, maana kiolezo kikigeuzwa, begi nalo litashonwa kinyume.

Hiki ndicho utakachobeba sokoni, na ala ibaki nyumbani. Muuzaji akiona shaba inang'aa hupandisha bei bila hata kufikiri, na msongamano wa Kariakoo si mahali pa kutoa na kurudisha ala kwenye kila begi unalolijaribu.

Hatua ya tatu: tafuta kwanza begi lililokwisha kutengenezwa

Ukibahatika kupata begi la yufoniamu, ala ya shaba iliyo jamaa ya tenahoni, lijaribu, kwa kuwa kwa kawaida yufoniamu ni pana kuliko tenahoni, na nafasi inayobaki inaweza kujazwa sponji. Zaidi ya hapo, sahau jina lililoandikwa kwenye begi na uangalie umbo lake. Katika mitumba ya Karume, pale Ilala, hupatikana mabegi makubwa ya mgongoni ya wasafiri, na yanayofaa ni yale ambayo zipu yake inazunguka pande tatu hadi begi likafunguka kama sanduku. Begi linalofunguka juu peke yake likatae hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu ala italazimika kusukumwa ndani, na vibonyezo vya vali ndivyo vitakavyokwaruza kila mahali vikipita. Sanduku gumu la nguo lenye magurudumu hulinda vizuri, lakini mtu anayepanda daladala saa za jioni atalichukia kabla ya wiki kwisha.

Hatua ya nne: chagua sponji na kitambaa cha ndani

Ukinunua sponji, ibonyeze kwa dole gumba hadi usikie ugumu wa chini, kisha iachie: ikirudi upesi inafaa, ikibaki na shimo ni ya kujazia mito. Kwa sehemu zinazobeba uzito ninapendelea lile jamvi zito la povu lisilonyonya maji, linalotumiwa kulalia kambini, likiwa limefunikwa sponji laini kwa juu. Baadhi ya sponji huchakaa vibaya kwa unyevu wa pwani yetu, huanza kunata na kumeguka, na ukiona sponji kuukuu ndani ya begi la mtumba inaacha ungaunga vidoleni, ing'oe yote kabla hujaweka ala.

Epuka kuweka mpira au sufu karibu na ala. Mpira uliotiwa salfa hufanya shaba iwe nyeusi, na sufu nayo ina salfa yake, jambo litakaloonekana upesi zaidi iwapo ala yako imepakwa fedha. Kitambaa cha pamba chenye manyoya mafupi, cha rangi isiyochuja, kinatosha kabisa.

Hatua ya tano: mpe kazi fundi anayeshona mabegi

Begi la mtumba lisipopatikana, fundi cherehani wa nguo hatakusaidia, kwa kuwa mashine yake haipiti kwenye turubai lililokunjwa mara nne. Tafuta fundi wa mabegi au wa viti vya magari, mpe kiolezo, na mkubaliane mambo yafuatayo kabla hajakata kitambaa: uzi uwe wa nailoni, zipu iwe ya nailoni, namba 8 au 10, kwa kuwa ya chuma hushikwa na kutu kwa hewa ya chumvi, na nyuma ya zipu pawe na ulimi wa kitambaa ili meno yake yasiguse ala.

Kuhusu mikanda, kuwa king'ang'anizi. Mkanda usishonewe juu ya mfuko peke yake, bali uteremke, upite chini ya begi na kupanda tena upande wa pili, ili uzito ubebwe na mkanda wenyewe na si na mshono. Kila unaposhonwa, mshono uwe mraba wenye msalaba katikati. Fundi atakuambia kwamba mshono mmoja unatosha. Msikilize kwa adabu, kisha umwombe ashone mraba.

Mdomo mpana ukae juu, na mpindo wa chini ukae kwenye tabaka nene la povu, kwa kuwa begi lolote hutuliwa chini kwa kishindo siku moja au nyingine. Shaba ya mdomo haifiki unene wa milimita moja, hivyo shonesha mto mdogo unaojaa ndani yake na kutokeza senti mbili nje ya ukingo, ili pigo la juu liangukie mto. Kipulizio kipewe mfuko wake nje ya chumba cha ala. Kikiachwa ndani hugeuka nyundo.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kulipa pesa iliyobaki

Sasa ndipo uilete ala. Ifungie ndani, nyanyua begi kwa mshikio na ulitikise taratibu: ukisikia ala inagonga au kuteleza, pana pengo linalohitaji sponji. Livae mgongoni, kisha kifuani, kwa sababu ndani ya Mwendokasi au pantoni ya Kigamboni utalibeba mbele. Bonyeza begi kwa nje mahali vali zilipo, vibonyezo visisogee.

Begi likiwa tayari, usilifunge likiwa na ala iliyotoka kupigwa hivi punde. Toa mate yote, futa mirija, na ukifika nyumbani acha zipu wazi hadi ndani pakauke. Kabla ya masika kuanza mwezi Machi, kagua mishono ya mikanda na umwage maji kidogo juu ya turubai, uone kama bado yanateleza.