Wanasemaga eti… pima mwenyewe

Ukiambiwa kijiko kwenye mdomo wa chupa kinazuia gesi ya soda isitoke, usibishane. Chukua chupa mbili za soda ile ile, punguza zibaki sawa, moja weka kijiko nyingine iache hivyo hivyo wazi, friji moja usiku mzima, asubuhi mtu akumiminie bila kukwambia ipi ni ipi maana ukishajua ulimi nao unaanza kukudanganya. Hiyo isiyo na kijiko ndo watu wanairukaga, sasa utalinganisha na nini? Rudia mara tatu hivi.

Wanasemaga pia eti kualisha vidole kunaleta baridi yabisi. Donald Unger wa Marekani akajipima mwenyewe, alialisha vidole vya mkono wa kushoto tu miaka zaidi ya 60, baridi yabisi haikuja mkono wowote, 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Ila mtu mmoja bado ni mmoja tu jamani.