Namna ya Kusoma na Kukokotoa Mfumuko wa Bei wa Ujerumani kwa Kipindi cha Miaka Mingi

Mwaka 2022 bei za walaji nchini Ujerumani zilipanda kwa wastani wa asilimia 6.9, mwaka 2023 zikapanda kwa asilimia 5.9, na mwaka 2024 kwa asilimia 2.2. Anayezitazama takwimu hizo kwa haraka huweza kudhani kwamba maisha yalianza kuwa nafuu, ilhali katika miaka hiyo mitatu hakuna hata mmoja ambao bei kwa jumla zilishuka. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi anayejadiliana na mwajiri kuhusu mshahara, mwanafunzi anayepanga bajeti, au mpangaji aliyepokea barua ya nyongeza ya kodi ya nyumba, aanze na fahirisi yenyewe, yaani namba inayoonyesha kiwango cha bei kikilinganishwa na cha mwaka fulani, wala si na asilimia inayotangazwa kwenye taarifa ya habari.

Fahirisi hiyo hutolewa na Ofisi ya Takwimu ya Shirikisho, maarufu kwa jina la Destatis, yenye makao makuu mjini Wiesbaden. Makadirio ya awali hutoka karibu na mwisho wa mwezi, na takwimu kamili hutoka takriban katikati ya mwezi unaofuata. Mfululizo mzima, wa kila mwezi na wa kila mwaka, unapatikana bure katika hifadhidata ya GENESIS-Online, kwenye majedwali yanayoanza na namba 61111. Jina la kutafuta ni Verbraucherpreisindex, kwa kifupi VPI, yaani fahirisi ya bei za walaji ya taifa.

Hapo pana tahadhari ya kwanza. Ujerumani hutoa fahirisi mbili. Ya pili, HVPI, hukokotolewa kwa kanuni moja na za nchi nyingine za Ulaya, na ndiyo inayotumiwa na Benki Kuu ya Ulaya katika kupima lengo lake la asilimia 2. Fahirisi hiyo haihesabu gharama za makazi kwa watu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe, kwa hiyo vyakula na nishati huchukua sehemu kubwa zaidi ya kapu, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hupimwa. Tofauti yake si ndogo: kwa mwaka 2022 HVPI ilionyesha asilimia 8.7, na VPI asilimia 6.9. Zote mbili ni sahihi, lakini si halali kuchukua mwaka mmoja kutoka huku na mwaka mwingine kutoka kule.

Ukishaipata VPI, utaona kwamba mwaka wake wa kizio ni 2020, ambao umepewa thamani ya 100. Wastani wa mwaka 2021 ni 103.1, wa 2022 ni 110.2, wa 2023 ni 116.7, na wa 2024 ni 119.3. Ili kupata ongezeko kati ya miaka yoyote miwili, gawanya fahirisi ya mwaka wa baadaye kwa ile ya mwaka wa awali, toa 1, kisha zidisha kwa 100. Kutoka 2020 hadi 2024 jibu ni asilimia 19.3. Wengi hujumlisha asilimia za kila mwaka, yaani 3.1, 6.9, 5.9 na 2.2, wakapata 18.1, na hapo wamekosea, kwa kuwa ongezeko la kila mwaka hukokotolewa juu ya bei ambazo tayari zilikwisha kupanda. Kwa kipindi cha miaka minne pengo linaonekana dogo. Kwa miaka thelathini linakuwa kubwa mno. Kwa hesabu hiyo hiyo, aliyekuwa akilipwa yuro 1,000 mwaka 2020 alihitaji yuro 1,193 mwaka 2024 ili anunue vitu vile vile, na nyongeza yoyote ya mshahara iliyo chini ya hapo ni upungufu uliofichika.

Tahadhari ya pili inahusu kubadilishwa kwa mwaka wa kizio, na nadhani hapa ndipo makala nyingi za mitandaoni zinapowapotosha wasomaji. Mwezi Februari 2023 Destatis iliacha kizio cha 2015 na kuhamia 2020, ikapanga upya uzito wa kila kundi ndani ya kapu na kurekebisha takwimu zilizokwisha kutangazwa. Kundi la nyumba, maji, umeme na gesi, ambalo awali lilibeba takriban asilimia 32.5 ya kapu lote, lilishuka hadi takriban asilimia 25.9. Na kwa kuwa nishati ndiyo iliyokuwa imepanda kupita kiasi baada ya Urusi kuivamia Ukraine, matokeo yalibadilika waziwazi: mfumuko wa Oktoba 2022, uliokuwa umetangazwa kuwa asilimia 10.4, ukawa 8.8, na wastani wa mwaka huo ukashuka kutoka 7.9 hadi 6.9. Bei za madukani hazikuguswa na marekebisho hayo hata kidogo. Basi ukikutana na maandishi ya mwishoni mwa 2022 yanayotaja asilimia 10, usiyaite ya uongo, lakini usiyachanganye na jedwali la leo. Pakua mfululizo wote kwa mara moja, kutoka toleo moja, na uandike pembeni tarehe uliyoupakua.

Kwa takwimu za mwezi mmoja mmoja, kumbuka daima kwamba kila mwezi hulinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, na kwa hiyo jambo lolote lisilo la kawaida lililotokea wakati ule hurudi likiwa limegeuka. Kuanzia Julai hadi Desemba 2020 serikali ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16, na kile kiwango cha chini kutoka 7 hadi 5. Miezi kama hiyo ya 2021 ikaonekana na mfumuko mkubwa kuliko uliokuwapo kwa hakika. Hali ilijirudia kwa tiketi ya yuro 9, iliyomwezesha mtu kusafiri nchi nzima kwa mabasi na treni za kawaida kwa mwezi mzima, na kwa punguzo la kodi ya mafuta ya magari, vyote viwili vikiwa vya Juni hadi Agosti 2022. Ndiyo sababu mojawapo ya mfumuko kupanda kutoka asilimia 6.1 ya Mei 2023 hadi 6.4 ya Juni.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi lazima ajue mfululizo unakokatika. Takwimu za Ujerumani iliyoungana huanzia 1991. Kabla ya hapo zilizopo ni za Ujerumani Magharibi pekee, na kwa upande wa Mashariki, ambako dola ndiyo iliyopanga bei, hakuna kipimo cha kulinganisha nacho. Ndani ya mfululizo wa Magharibi utaona vilele vilivyo wazi: zaidi ya asilimia 7 mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea, asilimia 7.1 mwaka 1973 kulipotokea msukosuko wa kwanza wa mafuta, na asilimia 6.3 mwaka 1981 baada ya msukosuko wa pili. Mwaka 1986, bei ya mafuta ilipoporomoka, mfumuko ulikuwa chini ya sifuri kidogo, yaani asilimia -0.1. Bei iliyoandikwa kwa marki ya Ujerumani igawanye kwanza kwa 1.95583 ili uipate kwa yuro, kisha ndipo uitumie fahirisi. Mwaka 1923, ambao mwezi Novemba dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2, usiuingize kabisa katika hesabu hii. Ile ilikuwa sarafu nyingine iliyokufa, na asilimia za kawaida haziwezi kuielezea.

Fahirisi ya taifa ni wastani wa kaya zote, na huenda kapu lako halifanani nalo. Vyakula vilipanda kwa asilimia 13.4 mwaka 2022 na asilimia 12.4 mwaka 2023, maana yake takriban asilimia 27 kwa miaka miwili. Kaya inayotumia asilimia 12 ya matumizi yake kwa chakula iliongezewa mwaka 2023 takriban pointi 1.5 za asilimia katika mfumuko wake kutokana na chakula peke yake; inayotumia asilimia 25 iliongezewa pointi 3.1. Hesabu yenyewe ni kuzidisha sehemu ya kila kundi kwa ongezeko la bei ya kundi hilo, kisha kujumlisha. Tovuti ya Destatis ina kikokotoo kinachoifanya kazi hii ukijaza matumizi yako ya mwezi, na wenye kipato kidogo ndio wanaostahili zaidi kukitumia.

Kwa Waswahili wengi wanaoishi Ujerumani, fahirisi hii huingia nyumbani kupitia mkataba wa upangaji. Mkataba unaoitwa Indexmiete, unaoongozwa na kifungu cha 557b cha Sheria ya Madai, unafungamanisha kodi na VPI. Mwenye nyumba lazima atoe taarifa kwa maandishi, aonyeshe mabadiliko ya fahirisi na kutaja kiasi cha fedha. Na kodi lazima iwe imekaa bila kubadilika kwa angalau mwaka mmoja. Kagua hesabu yake. Tuseme fahirisi ilikuwa 110.2 na sasa ni 119.3 (mikataba hutumia namba za mwezi, hapa natumia wastani wa mwaka kwa urahisi). Tofauti ni pointi 9.1, na baadhi ya wenye nyumba huiandika kama asilimia 9.1, wakaipandisha kodi ya yuro 800 hadi yuro 872.80. Ongezeko halali ni 119.3 kugawanya kwa 110.2, yaani takriban asilimia 8.26, na kodi sahihi ni yuro 866.06. Barua ikikufikia mwezi Machi, kodi mpya huanza kulipwa Mei, si Aprili.