Kitanda cha matete cha kupunguza naitrojeni kwenye maji taka

Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kinachovuja chooni hufika kisimani upesi. Naitreti, aina ya naitrojeni inayotokana na uchafu huo, ikizidi miligramu 50 kwa lita, maji hayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga.

Kitanda cha matete ni shimo la kokoto na mchanga lililopandwa matete, maji taka yakichujika humo. Matete yenyewe huchukua sehemu ndogo tu ya naitrojeni. Kazi kubwa ni ya bakteria: wanaotaka hewa hugeuza amonia kuwa naitreti, na wanaoishi pasipo hewa huigeuza naitreti kuwa gesi, mradi wapate uchafu wa kula. Vipimo hivi ni vya watu 10 wanaotumia lita 800 kwa siku.

1. Maji yaanzie kwenye tangi la septiki la vyumba viwili, lita 4,000 au zaidi. Tope likivuka, kitanda kitaziba.

2. Chimba vitanda viwili, kila kimoja mita 4 kwa 2, kina mita 1. Mwaga mchanga kidogo ncha za mwamba zisitoboe, kisha tandika plastiki nzito ya bwawa. Usiiruke hatua hii.

3. Chini weka sentimita 20 za kokoto kubwa pamoja na bomba lenye matundu, ncha yake ichomoze juu kuvuta hewa. Fuatisha sentimita 10 za kokoto ndogo, 55 za mchanga wa chenga kubwa, na 5 za kokoto juu. Mchanga ndio unaoharibu vitanda vingi. Tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie: ukiona utando wa tope juu ya mchanga, osha tena. Wa baharini una chumvi, achana nao.

4. Panda mashina 4 ya matete kwa kila mita ya mraba.

5. Pampu imwage lita 200 kwa mkupuo, kila baada ya saa 3, kitanda kimoja kwa wiki huku cha pili kikipumzika. Maji yakichuruzika mfululizo, hewa haiingii; ukifukua utakuta weusi na harufu ya yai viza.

6. Nusu ya maji yanayotoka irudishwe chumba cha kwanza cha septiki; ndiyo maana pampu humwaga lita 1,600 kwa siku, si 800. Huko hakuna hewa na chakula kipo, kwa hiyo karibu nusu ya naitrojeni inaweza kuondoka.

Pima yanayotoka. Amonia ikiwa nyingi, hewa haitoshi, au maji yamekuwa na asidi: kugeuza amonia hula chokaa iliyo ndani ya maji. Maji ya mvua yana chokaa kidogo mno, kwa hiyo nyumba inayoyatumia iweke vipande vya matumbawe chumba cha pili. Naitreti ikiwa nyingi, ongeza yanayorudi.

Matete yakikatwa yaondolewe kabisa. Yakiozea kitandani, naitrojeni inarudi. Maji yaliyosalia yapeleke kwenye migomba, mbali na kisima.