Kumwandika gavana wa Marekani: anza na siku aliyokaribia kuanguka

Wasifu mwingi ninaoletewa kusahihisha ni ule ule: alizaliwa, akasoma, akachaguliwa, akafa. Msomaji anakuaga kabla hujafika uchaguzini. Wanafunzi wangu nawapa zoezi la Huey Long, gavana wa zamani wa jimbo la Louisiana, maana huyo akikuchosha, kalamu ndiyo mbovu.

Tafuta kwanza siku aliyoponea chupuchupu. Kwa Long ni 1929, mwaka mmoja tu tangu aapishwe. Alitaka kila pipa la mafuta linalosafishwa jimboni litozwe senti 5, kampuni ya mafuta ya Standard Oil ikapinga, na Baraza la Wawakilishi la jimbo likapitisha mashtaka ya kumbandua. Kesi ikaenda Seneti ya jimbo. Hapo usiwe na haraka. Maseneta walikuwa 39, na kumtia hatiani kulihitaji theluthi mbili, yaani 26. Kwa hiyo Long hakuwa na haja ya kushinda hoja. Watu 14 walimtosha. Akapata 15, wakatia sahihi karatasi kwamba hawatampigia kura ya kumwondoa, ushahidi useme utakavyo. Kesi ikafa. Hesabu hiyo iweke yote. Mkenya aliyeona magavana wa kaunti wakifikishwa Seneti ataifuata bila kushikwa mkono.

Ndipo urudi nyuma. Alizaliwa Winnfield mwaka 1893, akaingia tume ya reli 1918, akashindwa ugavana 1924, akaupata 1928. Sentensi moja inatosha. Ila usiruke miaka aliyozunguka akiuza mafuta ya kupikia: gavana aliyewahi kubisha hodi kwa watu ana namna yake ya kuomba kura.

Sifa na lawama zikae aya moja. Aliwapa watoto vitabu vya shule bure, akajenga barabara na madaraja. Wafanyakazi wa serikali nao walikatwa mishahara kuchangia siasa zake, na sanduku la pesa hizo halikuonekana tena baada ya kifo chake. Ukizitenganisha utaandika tenzi ya kumsifu, halafu hati ya mashtaka.

Wengi hujikwaa kwenye Seneti mbili. Mwaka 1930 Long alichaguliwa kwenda Seneti ya Marekani, lakini aling'ang'ania ugavana hadi Januari 1932, hakutaka naibu wake Paul Cyr amrithi. Taja kila mara ni Seneti ipi.

Alipigwa risasi tarehe 8 Septemba 1935 ndani ya jengo la serikali ya jimbo huko Baton Rouge, lenye ghorofa 34, alilolijenga mwenyewe, akafa siku mbili baadaye. Wakati huo alikuwa seneta, usimwite gavana. Kama risasi iliyomuua ilikuwa ya daktari Carl Weiss au ya walinzi wake mwenyewe, watu bado wanabishana. Zipe pande zote mbili sentensi moja, usonge mbele. Mjane wake Rose alimalizia kipindi chake, na mwana wao Russell akachaguliwa seneta 1948. Hao wawili waache, labda mhariri akuongezee nafasi.