Jinsi ya kumaliza mwaka kwenye klabu ya huduma hapa Dar bila kukimbia

Kila ikikaribia mwezi wa saba lazima watu wawili watatu wanicheki, dada nataka kujiunga na klabu ya kujitolea nianzie wapi, na mi nawajibu mmoja mmoja hadi vidole vinachoka, basi leo naandika yote hapa na anayeuliza namtumia hii. Nimekaa kwenye klabu miaka kadhaa sasa, nimeona watu wanaingia kwa moto wa kifuu na ikifika Novemba hawapokei hata simu. Wengi hata sio wavivu, hakuna tu aliyewaambia mwaka wa klabu unaendaje.

Kwanza ujue mwaka wenyewe hauanzi Januari. Rotary na Lions, zile klabu kubwa za huduma za kimataifa, wote wanaanza tarehe 1 Julai wanamaliza 30 Juni, kama bajeti ya serikali vile. Julai ndo viongozi wapya wanakaa, kamati zinapangwa, kila mtu ana nguvu, kwahiyo ukiweza ingia kipindi hicho maana ukiingia mwezi wa nne unakuta watu wamechoka na mipango ilishafungwa, utakaa unashangaa tu.

Kabla hujajaza fomu yoyote nenda kama mgeni, vikao viwili au vitatu, na kwa klabu zaidi ya moja. Hapa Dar zipo nyingi na hazifanani, kuna zinazokutana mchana hotelini Posta na sahani unalipia mwenyewe, kuna za jioni, kuna za vijana kama Rotaract, wale vijana wa Rotary, ambao mambo yao ni mepesi kidogo mfukoni (na kama una miaka 34 usijione umechelewa, ule ukomo wa miaka 30 waliuondoa 2020, ila uliza maana klabu yenyewe inaweza kujiwekea wake). Angalia vitu vidogo. Wanaanza saa ngapi kweli, sio iliyoandikwa? Mgeni anasalimiwa au anaachwa na simu yake? Wakitaja mradi wa mwaka jana kuna mtu anajua unaendeleaje leo? Hilo la mwisho ndo kubwa na nitalirudia.

Alafu piga hesabu ya foleni. Kama unaishi Gongo la Mboto na kikao kiko Masaki saa kumi na mbili jioni, ndugu yangu, utaenda mwezi mmoja. Chagua klabu iliyo njiani kwako, kama unapanda mwendokasi basi iwe huko huko inakopita mwendokasi.

Hela. Watu wanaona aibu kuuliza hela na hapo ndo wanapoumia. Uliza wazi kabisa, ada ya mwaka ni kiasi gani, kila kikao natoa ngapi, na ile michango ya katikati, maana hiyo ndo inaua, leo msiba wa mwenzetu, kesho fulana za mradi, kesho kutwa tiketi za chakula cha hisani. Mi mwaka wa kwanza nilijipangia elfu thelathini kwa mwezi kwa mambo yote ya klabu na nikamwambia mweka hazina mapema, kaka mi uwezo wangu ni huu, zaidi ya hapo nitatoa Jumamosi zangu. Hakuna aliyenicheka. Anayepotea ni yule aliyeahidi laki mbili kwenye grupu la WhatsApp mbele ya watu, muamala hauonekani, akaanza kukwepa vikao.

Ukishaingia usikimbilie cheo. Omba kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, kama kupokea wageni mlangoni, au kuwa sajenti, yule anayetoza faini za utani, umechelewa elfu moja, simu imelia elfu moja, umetokea gazetini hujatuambia elfu mbili. Ukiwa sajenti ndani ya miezi miwili unajua majina yote na nani ana mdomo na nani akiahidi anafanya.

Sasa nije kwenye mradi, na hapa naomba nikae kidogo.

Mwaka wangu wa pili tulipeleka tenki la maji la lita 5,000 kwenye shule ya msingi moja huko upande wa Mbagala. Tukajenga na kibaraza chake, koki nne, jina la klabu kwa rangi ya bluu, mgeni rasmi, watoto wakaimba, picha zikapendeza kweli. Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi na moja napita maeneo yale na mambo yangu nikasema ngoja niingie niwasalimie. Tenki lipo, limejaa maji, na watoto wamejipanga na vidumu kwenye bomba la jirani nje ya geti. Koki tatu mikono imekatika, ya nne imefungwa kwa mpira wa baiskeli isiendelee kuvuja. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, wala hakunigombeza, alinikaribisha kiti akasema, "Mwanangu, wageni wetu huwa mnakuja mara moja."

Niliona aibu hadi nikakosa pa kuangalia. Kosa lilikuwa letu, koki tulinunua za plastiki Kariakoo ili kubana elfu chache, na shule yenye watoto mia kadhaa koki ya plastiki ni kama kuwapa biskuti. Na hatukumuachia mtu yeyote namba ya kupiga ikiharibika. Tukarudi na koki za shaba, mbili za akiba, spana moja na zile tepu nyeupe za fundi bomba, tukakaa na mwalimu wa mazingira na watoto wawili wa darasa la sita wakafundishwa kubadilisha wenyewe. Kila kitu hakikufika elfu themanini, wakati ile siku ya uzinduzi tulitumia zaidi ya hapo kwa maturubai na soda.

Toka siku hiyo kwenye kamati yangu hakuna bajeti inapita bila fungu la kurudi. Unaandika tarehe tatu, baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita, nani anaenda, nauli shilingi ngapi. Kama hamna hela ya kurudi basi punguzeni mradi, badala ya madawati hamsini pelekeni thelathini na mbaki na hela ya fundi. Wengine kwenye klabu waliniona mkorofi mwanzoni, poa tu.

Na usiende mahali kichwa kichwa hata kama una magari matano ya msaada. Barua kwanza. Yenye nembo ya klabu, inasema nini mnafanya, lini, watu wangapi, na namba ya simu ya mtu anayepokea simu kweli. Kwa shughuli ya mtaani unaanza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, shule unaongea na mwalimu mkuu na nakala inaenda kwa afisa elimu wa halmashauri, kituo cha kulelea watoto unawashirikisha ustawi wa jamii. Angalia uko halmashauri gani maana watu wanachanganya, Ilala toka 2021 ndo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, wengine ni manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Peleka mwenyewe kwa mkono, gongesha muhuri kwenye nakala yako, uitunze. Kuna siku muhuri huo utakuokoa mbele ya mgambo. Halafu mjumbe wa nyumba kumi usimdharau, anajua nani ana shida kweli kuliko orodha yoyote utakayopewa ofisini.

Picha za watoto, uliza kwanza. Mtoto anayepokea daftari hahitaji uso wake kuzunguka kwenye magrupu ya watu mia nne.

Usafi wa fukwe watu wanaupenda, Coco kule ukipita baada ya wikiendi unajaza kiroba cha chupa ndani ya robo saa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi kitaifa kwahiyo ukipanga hapo unakuta mtaa nao uko kazini. Swali ambalo wageni hawaulizi ni takataka zinaenda wapi mkimaliza. Ongea na mzoaji wa kata kabla, au kodi kirikuu ipeleke hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na hela yake iwe kwenye bajeti. Niliwahi kuona viroba arobaini vimepangwa vizuri pembeni ya barabara, watu wakapiga picha wakaondoka, usiku mvua na mbwa wakamaliza kazi, asubuhi pachafu kuliko jana.

Kama klabu ni changa na haina hela, mi nashauri anzeni na damu. Haihitaji mtaji, mnahitaji watu na mahali penye kivuli. Mnaandikia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mnakubaliana tarehe, wataalamu wanakuja na vifaa vyao, nyie kazi yenu kuleta wachangiaji na kuwapa soda na biskuti wakimaliza. Vigezo vya kuwaambia watu mapema ni umri 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Waambie wale kwanza, wanywe maji ya kutosha, maana kuna kijana wetu alikuja amefunga kula toka jana eti ndo ustaarabu kama wa kupimwa sukari, akadondoka kama gunia kabla hata ya kuguswa na sindano. Na pangeni Desemba au Juni. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji hapa kwetu, shule zikifungwa ndo benki ya damu inakauka, wakati ajali za barabarani hazina likizo.

Kalenda iliyobaki fupi tu. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari. Ramadhani inahama kila mwaka kwahiyo angalia mapema, futari iwe ya mihogo, uji wa pilipili manga, maharage na tende, usipeleke mikate na juisi ukaita futari. Machi hadi Mei masika, usipange kitu cha nje, ila weka akiba pembeni maana Jangwani na bonde la Msimbazi likijaa mtapigiwa simu usiku, na watu waliotoka kwenye maji siku ya kwanza wanataka chakula kilichoiva, nguo zile mlizokusanya zisubiri.

Sasa ule upande wa kukaa pamoja, wenyewe wanauita feloshipu. Watu wanauona kama starehe za ziada, mi naona ndo injini. Hata historia iko hivyo, Paul Harris na wenzake watatu walipokutana Chicago mwaka 1905 walitafuta marafiki tu kwenye mji mkubwa usiojali mtu, wakawa wanazunguka kwa zamu ofisini kwa kila mmoja ndo jina la Rotary likatoka hapo, huduma ikaja baadaye na moja ya kazi zao za mwanzo kabisa ilikuwa kupigania vyoo vya umma mjini. Vyoo! Mtu yeyote aliyewahi kubanwa Kariakoo saa saba mchana anawaelewa.

Kwahiyo baada ya mradi msitawanyike. Mkitoka Mbagala kaeni hata kwa mama ntilie hapo hapo, wali maharage, kila mtu alipe chake, ongeeni kilichoharibika kabla hamjasahau. Mara moja kwa miezi miwili mkutane nyumbani kwa mtu na familia zije, mume wangu aliacha kulalamika kuhusu Jumamosi zangu baada ya kuonja pilau la katibu wetu. Mwenzenu akifiwa nendeni mapema, msisubiri siku ya kuzika, nendeni mkaoshe vyombo na kuchota maji. Kuna mzee kwenye klabu yetu hajawahi kuchangia zaidi ya elfu tano kwa wakati mmoja, lakini msiba ukitokea yeye ndo wa kwanza kuonekana na turubai kwenye bajaji, na akisimama kikaoni kuongea hata mabosi wanaweka simu chini.

Ugomvi utakuwepo, mara nyingi hela au nani kakaa mbele kwenye picha. Usiumalize kwenye grupu. Mpigie mtu simu. Rotary wana maswali yao manne ya kujipima, ni kweli, ni haki kwa wote, litajenga urafiki, litafaa kila anayehusika, na mi naona yale mawili ya mwanzo yangetosha kuzuia nusu ya voisi noti za saa sita usiku.

Ikifika Mei anza kuandika makabidhiano, usisubiri Juni. Daftari moja tu la kawaida, kila mradi una ukurasa wake, nani tuliongea naye, namba ya fundi, nini kilivunjika, tarehe ya kurudi iliyobaki, bakaa ya hela na risiti zimebanwa kwa pini. Mrithi wako umpeleke kwa miguu yake hadi kwenye mradi umtambulishe, dada huyu ndo atakuwa anapokea simu kuanzia mwezi wa saba.

Langu limeshapita mikono miwili. Mwaka huu mwezi wa tatu yule mwalimu mkuu alipiga, koki ya pili kutoka kulia inavuja na za akiba zimeisha, kijana aliyenirithi akatoka kazini saa kumi akapitia Kariakoo kununua nyingine. Akanitumia picha jioni, mkono na koki tu, na swali, dada hii tepu nyeupe inazungushwa upande gani?