Usipulize filta ya hewa kwa kompresa

Filta ya hewa ya karatasi ya injini ya gari ikichafuka, wengi huipuliza kwa kompresa na kuirudisha. Ni kosa. Upepo mkali hutoboa karatasi matundu madogo usiyoyaona kwa macho, na kuanzia hapo vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda na kusugua ringi za pistoni. Kuiosha kwa maji ni vibaya vilevile. Ikibidi sana, igonge polepole mezani, upande mchafu ukitazama chini, kisha panga kununua mpya.

Wakati wa kubadilisha, zima injini, fungua klipu au skrubu za boksi la filta, kisha itoe filta taratibu ili uchafu usimwagikie upande wa injini. Ziba bomba la kwenda injini kwa kitambaa safi, ufute boksi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uhakikishe umekitoa kile kitambaa cha bomba! Filta mpya ikae sawasawa, mpira wa ukingo wake ukilala vizuri pande zote bila kujikunja. Ukiona mstari wa vumbi upande safi, ujue hewa ilikuwa inapenya pembeni.

Filta ikiwa na mafuta, usibadilishe tu ukaondoka: kagua vali ya kupumulia injini (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) na kiwango cha oili.

Kubadilisha filta kila kilomita 15,000 hadi 30,000 ni kawaida kwa barabara za lami. Kwenye vumbi, ikague kila 5,000.