Kabla hujamwita fundi mara ya tatu: vifaa vinapoungua kila mara jengoni

Friji ikiungua mara moja, laumu friji. Ikiungua ya pili, na wiki hiyohiyo fotokopi ya mpangaji wa jirani ikatoa moshi, acha kununua vipuri. Ugonjwa uko kwenye jengo. Nawaandikia wenye majengo ya biashara hapa Mbeya, maana huwa naitwa vitu vikishaungua, na swali langu la kwanza hukosa wa kulijibu: vimeungua lini?

Basi anza kwa kumpa msimamizi wa jengo daftari. Aandike siku, saa, duka, kifaa, na umeme ulikuwaje dakika chache kabla: ulikatika ukarudi? Mvua ilinyesha? Taa zilififia, au ziling'aa kupita kawaida?

Hilo la taa nalisisitiza. Ukiona za duka moja zinawaka kama jua huku za duka la pili zimesinzia, zima meni swichi papo hapo. Yaelekea nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea au imekatika. Kati ya fezi (mojawapo ya nyaya tatu zinazoleta umeme jengoni) na nyutro panatakiwa kuwa na volti 230 hivi, kati ya fezi na fezi 400. Nyutro ikipotea, maduka yaliyo kwenye fezi tofauti yanagawana zile 400, tena bila haki: aliyewasha vitu vingi anapata kidogo, mwenye taa mbili na televisheni anaweza kupata mia tatu na kitu. Televisheni hiyo haiponi. Jengo moja la ghorofa mbili maeneo ya Mwanjelwa lilimaliza stabilaiza nne kabla mtu hajafungua boksi la breka na kukuta skrubu ya nyutro inacheza, waya umekuwa rangi ya chai. Skrubu tu! Waya ukipata moto hutanuka, ukipoa husinyaa, na miaka ikipita skrubu hulegea. Baridi yetu ya Juni na Julai, kila mpangaji na hita yake chini ya meza, huzidisha kazi hiyo.

Kwa hiyo hesabu hita, mabirika na madraya ya saluni, ujue kila duka linakula fezi ipi. Wapangaji wapya huunganishwa palipo karibu na ngazi ya fundi, mwishowe fezi moja inabeba jengo zima.

Ethi, yaani waya na fimbo ya kupeleka umeme ardhini, ikaguliwe kabla ya Novemba. Kufika Oktoba udongo umekauka na fimbo ya ethi inapitisha umeme kwa shida, na mvua za kwanza nyanda hizi huja na radi zake. Kifaa cha kuzuia msukumo wa radi hufanya kazi kwa kuumwaga ardhini. Bila ethi nzuri umenunua pambo la ukutani. Ethi hupimwa kwa mita yake maalumu. Testa ya bisibisi haijui lolote hapo.

Wenye friji wazoeshwe kuchomoa umeme ukikatika, na ukirudi wangoje kama dakika tano. Mwenye mashine ya fezi tatu afunge kinga inayokata umeme wote fezi moja ikipotea, la sivyo mota itaunguruma mpaka iive.

Kutoka kwenye mita kwenda nguzoni ni mali ya TANESCO. Asiguse mtu lakiri. Wapelekee daftari lako, maana tarehe na saa husikilizwa kuliko "umeme wenu mbovu". Ndani ya jengo, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mkubaliane mapema kwamba atapima mara mbili: asubuhi maduka yakiwa yamefungwa, na jioni saluni zote zikiwa kazini. Akija na bisibisi tu mfukoni, mpe chai aende zake.